Uzi wa pavlova: nimeharibu tatu ndipo nikaelewa kwamba haiokwi, inakaushwa

Binti_Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Kule kwenye uzi wa keki za sikukuu kuna mtu kaulizia pavlova, ile keki ya povu la ute wa mayai inayopambwa kwa krimu na matunda, akajibiwa "ni mayai na sukari tu, piga, oka, mwagia krimu". Aliyejibu sina ugomvi naye, ila ukimfuata utatupa mayai kama nilivyotupa mimi.

Niko Perth, Australia, mwaka wa saba huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Krismasi ya huku huangukia kwenye joto, kama ya kwetu Tanga, na pavlova haikosi mezani. Wenyewe wanaikata jina, wanaiita "pav". Mwaka wangu wa kwanza tuliambiwa kila mfanyakazi aje na kitu. Nikajitia kimbelembele: nimelelewa na bibi aliyeuza mkate wa mayai, mimi na kupiga mayai tunajuana. Nilichopeleka kilikuwa kama chapati iliyomwagikiwa asali. Ajuza mmoja pale, aliyefanya kazi ya jikoni ujanani mwake, akaonja, akaweka kijiko chini, akasema: "Uliiharakisha." Basi, neno moja. Ila tangu siku hiyo kila nikiwa na zamu ya jioni ananipa somo kidogo.

Kosa langu lilikuwa kuipikia akili ya mkate wa mayai. Mkate wa mayai una unga. Povu likilegea, unga unalibeba. Pavlova haina wa kuibeba. Ni ute wa yai, ambao karibu asilimia 90 ni maji, umejazwa hewa na sukari ikayeyukia humo. Kazi kubwa ya oveni hapo si kuivisha kama keki, ni kutoa maji polepole kuanzia nje, mpaka upate gamba kavu na ndani pabaki laini kama mashimelo, zile peremende laini za kubonyea. Ukiweka moto wa keki, nje panaungua na maji yanabaki ndani, yanakuja kuvuja baadaye.

Vipimo vyangu, sahani ya watu 8:

Ute wa mayai makubwa 4 (kama gramu 135)
Sukari nyeupe laini gramu 220
Siki nyeupe kijiko 1 cha chai
Konflawa vijiko 2 vya chai
Vanila kidogo, chumvi chembe
Krimu ya kupiga mililita 300
Pasheni 5, na stroberi au tunda jingine lenye uchachu

Tenganisha mayai yakiwa ya baridi, yametoka kwenye friji, maana kiini kinakuwa kigumu na hakipasuki ovyo. Kila yai litenganishie kwenye kikombe kidogo kwanza, ndipo umimine kwenye bakuli kubwa. Tone moja la kiini likiingia, povu halitapanda vizuri, na utakuwa umeharibu yote manne badala ya moja. Kisha uache ute utoke baridi ya friji nusu saa hivi. Ukiwa na joto la chumba unapanda haraka.

Bakuli liwe la kioo au la stili. La plastiki linashika mafuta hata ukilisugua vipi. Mimi hulipangusa kwa kipande cha ndimu, na mchapo (kile cha kupigia mayai) pia.

Piga ute na chumvi mpaka uwe povu jeupe linalosimama lakini ncha bado inainama. Hapo ndipo sukari inaanza kuingia, KIJIKO KIMOJA KIMOJA cha chakula. Tia, piga nusu dakika, tia kingine. Inachukua dakika kumi au zaidi, mkono utauma, usidanganyike ukaimwaga yote. Utaona povu linabadilika: linakuwa zito, linang'aa kama rangi ya mafuta ukutani. Chukua kidogo katikati ya kidole gumba na cha shahada, sugua. Ukisikia mchanga, sukari bado haijayeyuka, endelea. Ikiteleza kama losheni, umefika. Kipimo hiki ajuza ndiye alinifundisha, na hadi leo sijaona mashine inayokishinda.

Nyunyizia konflawa, siki na vanila, changanya kwa mwiko mara chache tu.

Chora duara la upana wa sentimita 20 kwenye karatasi ya kuokea, igeuze upande wa wino uwe chini, mwagia povu humo, inua kingo kidogo ili katikati pabaki kibonde cha kuwekea krimu. Oveni uliiwasha mapema nyuzi 150. Ukishaingiza tu, shusha hadi 120. Saa moja na robo. USIFUNGUE. Zima, weka mwiko mlangoni ubaki wazi kidogo, ondoka. Mimi huoka usiku, nikaamka nayo asubuhi.

Itapasuka. Kila pavlova inapasuka. Krimu inafunika.

Ngamiani_Kati

Raskazone ipi hiyo dada, ya kwetu kule baharini? Karibu sana. Sasa mimi niko Tanga hii hii, na mwezi wa nne nilijaribu kitu hicho kwa kufuata video. Jioni ilitoka safi, ukigonga inalia. Nikaifunika kwa kitambaa kama mkate. Asubuhi nikakuta imenata kwenye sahani, imetoa maji ya njano, ukiigusa inavutika kama gundi. Mke wangu akaniuliza kama nimetengeneza dawa ya mba. Nini kilitokea?

Binti_Raskazone

Jirani! Mwezi wa nne Tanga ni masika, hapo ulikuwa unashindana na hewa yenyewe. Sukari inavuta unyevu, na gamba la pavlova ni sukari tupu. Chukua chumvi uiache mezani masika uone inavyolia. Hii ni hivyo hivyo, zaidi.

Kitambaa hakizuii kitu. Ikishapoa kabisa ndani ya oveni, ingiza moja kwa moja kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, lile kopo la bati la biskuti ndilo bora. Usiweke friji, friji ina unyevu wake. Na krimu usiiweke mpaka wageni wamekaa.

Hayo maji ya njano yaliyotoka chini ni habari nyingine. Hiyo ni sharubati ya sukari ambayo haikuyeyuka, au oveni ilizimwa mapema. Yakiwa matone madogo ya rangi ya asali juu ya gamba, kama jasho, basi ni kinyume chake: moto ulizidi.

Mpishi_wa_Kimara

Naomba nikiri mbele ya umma. Mapishi yaliandika "unga wa mahindi vijiko viwili". Nikatia sembe.

Kwa kweli haikuwa mbaya sana kwa sura. Ila ukitafuna unakuta punje, kama umelamba pavlova iliyoanguka barazani. Watoto wakala krimu wakaiacha pavlova yenyewe.

Mama_Watatu_Dodoma

😂😂😂 Mkuu umenivunja mbavu. Sembe kwenye pavlova!

Binti_Raskazone

Usicheke shoga, kosa ni la waandishi. Ni konflawa, ule wanga mweupe laini kama poda, unaolia kidogo ukiubana kwenye pakiti, siyo unga wa ugali. Kazi yake ni kushika maji ya katikati ili pabaki mashimelo, pasikauke kama merengi za kawaida, vile vitafunio vikavu vya ute wa yai na sukari. Ukikosa kabisa, acha. Itakuwa kavu zaidi ndani lakini italika.

Na mwenye sukari ya kawaida ya dukani, ile ya chenga kubwa: isage kwenye blenda nusu dakika tu. Usiifanye unga kabisa. Na ile sukari ya unga ya kupambia keki usiitumie peke yake, ina wanga ndani yake tayari.

Kiwi_wa_Kigoma

Dada somo zuri, lakini nitakuwa nimeisaliti nchi iliyonipa makazi nikinyamaza. Niko Auckland. Pavlova ni ya New Zealand. Hao majirani zetu wa Perth wameichukua kama wanavyochukua kila kitu.

Binti_Raskazone

Nilijua atatokea mmoja. 😂 Kwa hapa Perth utaambiwa aliibuni mpishi Bert Sachse, Hoteli ya Esplanade, mwaka 1935, na mtu akaionja akasema ni nyepesi kama Pavlova.

Kiwi_wa_Kigoma

Haya tuhesabu. Anna Pavlova, yule mcheza baleti Mrusi, alizuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Akafariki 1931. Kwa hiyo huyo mpishi wenu alisubiri marehemu atimize miaka minne ndipo ampe zawadi? Na Sachse mwenyewe alikuja kueleza kwamba alikuwa anaboresha keki ya merengi aliyoiona kwenye gazeti la akina mama.

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Otago, Helen Leach, alikaa miaka akikusanya vitabu vya mapishi vya zamani, na kitabu chake juu ya pavlova kikatoka 2008. Amekuta mapishi ya New Zealand ya 1929, miaka sita kabla ya hoteli yenu.

Binti_Raskazone

Na ya 1927 mbona umeiruka? Ile ya kampuni ya jelatini, iliyoitwa Pavlova ikiwa ni jeli ya rangi rangi iliyopangwa tabaka? Hakuna ute wa yai humo. Jina lilikuwa linabandikwa kwenye kila kitu kitamu, kwa sababu yule mama alikuwa maarufu. Jina siyo chakula.

Na keki za merengi zenye krimu na matunda Wajerumani na Waaustria walikuwa nazo kabla ya nyinyi na sisi. Ajuza wangu nilipomuuliza ya nani, alisema ni ya yule aliyepiga mayai. Mimi nimeishia hapo.

Kiwi_wa_Kigoma

Sawa, tusiharibu uzi. Ila juu tunaweka kiwi.

Kibibi_wa_Kisauni

Assalaam alaykum nyote. Mimi Mombasa. Merengi yangu ilitoka, alhamdulillah, lakini krimu ndiyo iliyoniaibisha. Nimepiga robo saa, ikabaki maji maji kama maziwa, mashine ikapata moto. Nikabadilisha pakiti, nikapiga tena, hii ya pili ikagawanyika: chenga chenga huku na maji huku. Wageni washafika, nikatoa aiskrimu.

Binti_Raskazone

Waalaykum salaam bibi. Pakiti ya kwanza bila shaka ilikuwa krimu ya kupikia, ile ya kutia kwenye mchuzi. Mafuta yake ni machache, haitasimama hata ukiipiga mpaka alfajiri. Geuza pakiti usome: mafuta yawe asilimia 35 hivi au zaidi.

Ya pili ilikuwa sahihi, ila uliipitiliza kwa hasira ya ile ya kwanza. Hapo ulikuwa njiani kutengeneza siagi. Na joto la jikoni Mombasa linasaidia uharibifu. Krimu ilale friji usiku mzima, bakuli na mchapo viingie friza robo saa, na upige kwa mwendo wa wastani. Mchapo ukianza kuacha mistari isiyofutika, simama. Inaonekana laini mno lakini ikikaa juu ya pavlova itatosha. Sukari usiweke, au kijiko kimoja tu. Chini kuna gramu 220 tayari.

Ukikosa krimu nzuri, mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa usiku kucha unafaa. Mimi binafsi ninaupenda kuliko krimu, ila usiseme hapa Perth.

Kibibi_wa_Kisauni

Ahsante mwanangu, nimeelewa. Tunda gani litafaa? Msimu huu maembe ndiyo yamejaa.

Binti_Raskazone

Embe linapendeza lakini ni tamu juu ya tamu, na lina maji. Likate vipande vikavu, lichanganye na pasheni. Pasheni ndiyo roho ya kitu hiki. Ule uchachu wake unakata sukari, na zile mbegu zinakupa cha kutafuna. Huku watu wana mpasheni kwenye uzio wa nyumba, wanachuma, wanapasua, wanamwagia hapo hapo. Nanasi na kiwi viweke dakika ya mwisho kabisa, vikikaa kwenye krimu vinaifanya chungu. (Samahani Kigoma.)

Ummu_Salim_Muscat

Swali dogo. Huku Oman mapishi mengi yanataja ile krimu ya tata, poda nyeupe. Nimesikia inatokana na mabaki ya mvinyo. Niitumie au la?

Binti_Raskazone

Ni kweli ni masalia yanayoganda kwenye mapipa ya mvinyo, yakasafishwa. Hukumu yake waulize wenye elimu, mimi si mtu wa fatwa. Kwa upande wa jikoni huihitaji. Inayotakiwa ni asidi yoyote kidogo, inasaidia povu lisivunjike. Siki au ndimu kijiko kimoja cha chai vinafanya kazi ile ile.

Mzee_wa_Mkaa

Nyie wote mnaongea oveni, oveni. Sisi wa jiko la mkaa tufunge uzi twende?

Binti_Raskazone

Mkuu, ningekudanganya nikisema ni rahisi. Keki kwenye sufuria yenye mchanga inatoka safi kwa sababu keki inataka moto. Hii inataka joto dogo lisilobadilika saa nzima na zaidi, na mkaa ukiutazama vibaya umeshapanda. Ile kubwa nisingekushauri. Jaribu vidogo, ukubwa wa andazi, mayai mawili tu.

Mzee_wa_Mkaa

Nimerudi, nimejaribu Jumapili. Sufuria kubwa, mchanga, sahani ya bati juu ya mawe matatu ili isiguse mchanga. Mkaa chini nikauacha mpaka uwe na majivu meupe, juu ya mfuniko nikaweka vipande vitatu tu. Kosa: nilifunika kabisa. Maji yanayotoka hayakuwa na pa kupitia, yakadondoka kutoka kwenye mfuniko, awamu ya kwanza ikageuka supu. Ya pili nikaweka kijiti mfuniko ukae upande. Saa moja na nusu. Vimetoka rangi ya kahawia kama kashata, siyo vyeupe, lakini vikavu nje na ndani vinavutika. Wajukuu hawakuuliza rangi.

Binti_Raskazone

Babu, shikamoo! Hicho kijiti ndicho mwiko wangu wa mlangoni. Hiyo rangi ni sukari iliyoanza kuungua kidogo, ladha yake mimi naipenda.

Mama_Watatu_Dodoma

Na mimi naongeza la mayai ya kienyeji. Ni madogo, mayai manne yanatoa ute wa matatu. Nilifuata gramu 220 nikapata kitu kizito kama uji, hakikupanda.

Binti_Raskazone

Umenikumbusha, nilipaswa kuandika mwanzo. Pima ute kwa mzani. Kwa kila gramu 100 za ute, sukari gramu 160. Ukienda hivyo ukubwa wa yai hauna maana tena.

Dereva_Mstaafu

Umeme umekatika dakika ya arobaini. Nifanyeje? Naandika nikiwa gizani.

Binti_Raskazone

Usifungue mlango! Oveni bado ina joto, iache hivyo. Umeme ukirudi ndani ya nusu saa, washa tena 120 ongeza dakika arobaini. Usiporudi, kesho itakuwa laini na imebonyea. Ivunje vunje kwenye glasi, tabaka la krimu, tabaka la tunda, tabaka la vipande. Waingereza wana kitu hicho na wanakiita kwa jina la shule yao ya Eton, wala hakuna atakayejua kuwa ilikuwa ajali.

Dereva_Mstaafu

Umerudi saa nne na nusu. Tumekula kwenye glasi.

Ngamiani_Kati

Wakuu mrejesho. Nimesubiri masika yaishe, nimefanya jana usiku kwa ajili ya mkwe. Kidole gumba kilipita, hakuna mchanga. Nimeiacha ndani ya oveni mpaka asubuhi, nikaingiza kwenye bati la biskuti. Saa saba mchana krimu, pasheni sita, stroberi za Lushoto. Imepasuka katikati kama barabara yetu, krimu ikafunika. Mkwe kaomba ya pili, akauliza tumenunua wapi.

Tatizo moja: chini iligandia karatasi, nimeacha kipande cha upana wa kiganja. Na nina viini vinne kwenye kikombe, vinanitazama.

Binti_Raskazone

Hongera jirani! Chini kugandia maana yake joto la chini halikutosha. Shusha trei ngazi moja, ongeza dakika kumi na tano, na karatasi ibandue ikiwa imepoa kabisa. Bado ikikataa, geuza pavlova taratibu juu ya kiganja, bandua karatasi kwa kuivuta yenyewe, siyo kwa kuinua keki.

Viini vipigie maziwa nusu lita, sukari vijiko vitatu, hiliki na konflawa kijiko kimoja na nusu, moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka ishike mgongo wa mwiko. Hiyo ni kastadi. Leo hii hii, kesho vitakuwa na ngozi juu.